Mwanamke wa Kijani, Namba Sitini na Mbili

Kabla sijaanza, ieleweke kwamba mimi si mtu wa kelele. Watu wa Homa Bay wanasema ninazo, lakini ni haohao wanaonifuata kila Jumapili ya mavuno niwaendeshee mnada kanisani, kwa sababu wanajua kwamba bila Javan Maranga jogoo atauzwa mia tatu na mambo yaishie hapo. Nikishika mimi, jogoo huyohuyo anafika elfu nne. Siku za kawaida ninachomelea milango na madirisha karibu na stendi, na fundi wa vyuma lazima azungumze kwa sauti, la sivyo hasikiki. Basi.

Hii ni habari ya mke wangu Linet na picha yake, na jinsi nilivyoharibu mambo.

Linet ni nyar Mfangano, yaani binti wa kisiwani kule, na kwa miaka ishirini na sita aliuza vitambaa katika duka la Mzee Chandulal mjini Homa Bay. Mzee Chandulal alikuwa Mhindi aliyezaliwa Kendu Bay na aliyejua matusi ya Kijaluo kunishinda mimi. Mwaka wa tisini na tisa dada yake mdogo, Kokila, alikuja kumtembelea kutoka Baroda, huko India. Kokila alikuwa mchoraji. Biashara ya vitambaa haikumvutia, ziwa lilimchosha kwa siku mbili, akabaki kumtazama Linet. Mwishowe akamsimamisha nyuma ya kaunta siku tisa mfululizo, zile saa za mchana ambazo wateja ni wachache, akamchora kwenye turubai. Malipo yalikuwa soda na biskuti. Linet alikuwa na miaka ishirini na miwili na alikuwa bado hajanijua mimi, kwa hiyo hakuwa na shughuli kubwa.

Kokila akarudi kwao, picha ikabaki. Mzee Chandulal akaipigilia kadibodi kwa nyuma kuzuia mende, akaitundika ukutani juu ya majora ya kitambaa.

Sasa niwaeleze picha yenyewe, muone kama kosa lilikuwa langu peke yangu. Uso ni wa kijani. Si kijani cha kivuli, ni kijani cha sukuma wiki. Jicho moja limekaa mahali pake, lingine limeteremka karibu na pua kwenda kuangalia kuna nini huko. Shingo haiishi. Mikono imekumbatia jora la kitambaa chekundu ambalo, ukilitazama sana, lina mapezi. Nyuma yake kuna anga la rangi ya ugali wa mtama. Huo ndio uchoraji wa kisasa wa Kihindi, niliambiwa. Mimi nilisoma mpaka darasa la nane na somo hilo halikuwepo.

Mwaka wa elfu mbili, wakati namchumbia, Linet alinipeleka dukani akiwa amevaa gauni la kwenda kanisani. Akanionyesha juu ukutani.

"Huyu ni mimi," akasema.

Nilicheka mpaka nikashika kaunta. Mzee Chandulal akaniletea maji. Nikamwambia Linet kwamba nimekuja kuoa mtu, sikuja kuoa kijani. Niliona ni mzaha mzuri. Nimeurudia mzaha huo miaka ishirini na minne, kwenye harusi za watu, kwenye matanga, mbele ya wakwe, na kila mara watu walicheka, na kila mara Linet aliondoka kwenda kuangalia sufuria jikoni hata kama hakuna kinachopikwa.

Ungedhani angekwisha kuisahau picha hiyo. Lakini Linet hana picha nyingine ya ujana wake. Ukiacha ile ya kitambulisho, ambamo anaonekana kama mtu aliyekamatwa, hakuna. Picha za kwao Mfangano zililiwa na mchwa. Na siku ya harusi yetu mimi ndiye niliyemtafuta mpiga picha, mtu mmoja anaitwa Motari, kwa sababu bei yake ilikuwa nusu ya wengine. Motari alipiga picha kuanzia kanisani hadi kwenye keki. Alitupanga, akatuambia tucheke, akapiga magoti kwenye nyasi kutafuta upande mzuri. Baada ya wiki mbili akaja kusema kwamba hapakuwa na filamu ndani ya kamera. Hilo nalo nimelisikia miaka ishirini na minne, kwa hiyo nilikuwa nahesabu kwamba tuko sawasawa.

"Linet," Mzee Chandulal alikuwa akimwambia, "mimi nikienda, hii picha chukua wewe." Alisema mbele ya wateja, mbele yangu, hata mbele ya padri aliyekuja kununua kitambaa cha madhabahu. Lakini hakuandika popote. Mwaka jana akaenda kweli, Mungu amlaze pema, na mwanawe aliye Leicester, Uingereza, akaamua kufunga duka na kuuza kila kitu kwa mnada: rafu, mizani, vyerehani, sefu, mpaka miavuli. Linet akampigia simu.

"Anti, najua baba alisema hivyo," kijana akamjibu, "lakini orodha iko kwa dalali tayari, siwezi kutoa kitu. Nenda tu ununue. Nani atataka hiyo? Haiwezi kupita elfu tano."

Vitu vikapakiwa kwenye lori, vikapelekwa Migori kwa dalali anayeitwa Kerosi, mwenye yadi ya mabati nyuma ya soko. Kwenye orodha yake picha ilikuwa namba sitini na mbili, katikati ya ngazi ya mbao na miavuli sita.

Linet alikuwa na elfu thelathini na tano, za chama na za omena, dagaa wa ziwani, aliyoanza kuuza duka lilipofungwa. Wiki nzima alikuwa akipima ukuta wa sebuleni kwa mkono. Siku ya Jumanne alikuja kwenye kibanda changu cha kazi, jambo ambalo hafanyi, akaniomba msumari wa maana. Nikamkatia chuma cha nusu inchi, nikakipinda, nikakipigilia ukutani mwenyewe. Ungeweza kutundika ng'ombe.

"Baba Austine," akaniambia tulipokuwa tunakula, "kesho tunaenda wawili. Lakini ni mimi nitainua mkono. Wewe unanyamaza."

"Kwani nimesema nini?"

"Hujasema. Ndio nakuambia mapema. Hiyo mnada ni ya watu wengine, si ya kanisa. Hakuna kusifu kuku, hakuna pakruok."

Kwa asiyejua, pakruok ni desturi yetu Wajaluo. Kwenye sherehe, mtu anasimamisha muziki au mnada, anatoa pesa, na akishatoa anaruhusiwa kujisifu au kumsifu anayempenda mpaka aridhike. Ameshalipa, hakuna wa kumkatiza. Kanisani kwetu nusu ya paa imetokana na watu kuwasifu mama zao. Mimi katika jambo hilo najulikana.

"Sitafungua mdomo," nikasema. "Haki ya Mungu."

"Hata kukohoa."

"Hata kukohoa."

Yadi ya Kerosi ilikuwa imejaa tulipofika. Walikuwepo wachimbaji wa dhahabu kutoka Masara waliotaka mizani, na akina mama kutoka Ntimaru waliofuata vitambaa. Alikuwepo pia Monari, mnunuzi wa dhahabu kutoka Macalder, mwenye tumbo na pete mbili, ambaye alikuja kununua sefu na akawa ameshaipata. Mbele kabisa alisimama dada mmoja wa miwani, na daftari mkononi. Watu walisema ametoka Nairobi na anaitwa Phanice Nyatichi. Hakuwa amenunua kitu chochote, na kila alipopita watu waliangalia viatu vyake.

Kerosi alinitesa. Aliuza vitu kama anayesoma majina ya walioanguka mtihani. Cherehani nzima nzima, ya chuma, ikaenda bila hata neno moja la kuitetea. Mara tatu nilivuta pumzi kumsaidia, na mara tatu Linet alinitazama.

Ikafika namba yetu. Kerosi akaiinua, akaisoma orodha, akaitazama tena.

"Namba sitini na mbili. Picha. Ya mwanamke." Akaigeuza kidogo. "Ama ni ndege. Lakini fremu iko poa."

Watu wakacheka.

"Inaweza kusaidia shamba," akaongeza, "kama uko na shida ya nyani."

Kumbe mzaha anao, ila ameuweka wa kuchezea mali yetu. Nikameza mate. Linet akainua mkono: elfu mbili.

"Tatu," akasema Monari. "Mimi nataka fremu. Huyo mtu wa ndani nitampea mtu bure."

Linet akasema nne. Yule dada wa Nairobi, bila kuinua macho kwenye daftari, akasema nane.

Yadi ikamgeukia. Monari naye akamtazama kwa makini. Mnunuzi wa dhahabu akiona mgeni anataka kitu, haulizi ni kitu gani, anakitaka pia. Akasema kumi. Linet akasema kumi na moja.

Phanice akasogea mpaka kwenye picha, akainama, akachunguza pembe zote nne. "Kuna karatasi yoyote ya hii?" akamwuliza Kerosi. "Jina la mchoraji?"

Kerosi akaangalia orodha. "Hapa imeandikwa picha, moja."

"Naweza kufungua hiyo kadibodi ya nyuma?"

"Ukinunua utafungua. Sasa hivi ni mali ya watu."

Akarudi mahali pake. Akataja kumi na tano, Linet akapanda hadi kumi na sita, Monari kumi na nane. Phanice akafikiri kidogo, akatikisa kichwa, akafunga daftari. Monari alipoliona daftari limefungwa, hamu ikamwishia. Alifika ishirini na mbili kwa sababu ya kuona haya tu, na Linet aliposema ishirini na nne, akapunga mkono kama anayefukuza nzi.

"Ishirini na nne elfu kwa mama wa Homa Bay," Kerosi akasema. "Mara ya kwanza."

Mkono wa Linet ulikuwa juu. Mimi nilikuwa nimeuma ulimi kweli kweli, mpaka nikasikia chumvi. Nataka hilo likumbukwe. Kufikia wakati huo nilikuwa sijavunja kiapo.

"Mara ya pili."

Akainua nyundo. Na badala ya kuishusha, kama Mungu alivyokusudia nyundo zishushwe, akamtazama Linet, akaitazama picha, akatabasamu.

"Mama, umeing'ang'ania sana. Ama huyu ni dada yako?"

Watu wakaangua kicheko. "Dada gani?" Monari akadakia. "Huyo akipata bwana, jua huyo bwana ni kipofu."

Huo ulikuwa mzaha wangu. Maneno yalikuwa tofauti kidogo, lakini ulikuwa wangu, na ndiyo mara ya kwanza niliusikia nikiwa nimesimama upande wa Linet. Aliinamisha kichwa, mkono mmoja bado uko juu, mwingine umebana mkoba kifuani, na mguu wake wa kushoto ukapanda polepole juu ya ule wa kulia. Ndivyo anavyosimama akisubiri daktari, ndivyo anavyosimama akisikiliza habari mbaya kwenye simu. Ninaijua miguu hiyo kuliko ninavyojua yangu.

Nikainua macho kwenye picha. Miaka yote hiyo sikuwa nimeitazama chini ya shingo, kwa sababu uso ulinitosha. Sasa nikatazama chini, karibu kabisa na fremu. Palikuwa na miguu miwili ya kijani, na wa kushoto umepanda juu ya wa kulia.

Alikuwa yeye. Alikuwa yeye hasa, ana miaka ishirini na miwili, amechoka kusimama, anangojea soda yake. Nikasikia aibu, na nyuma ya aibu nikasikia nampenda mke wangu kiasi cha kutaka kupigana na mtu.

Sikupigana. Nilitoka mbele, nikatoa noti ya mia mbili mfukoni, nikaiinua.

"Kerosi, simamisha hapo," nikasema. "Nalipa mia mbili."

Kerosi akababaika. "Mzee, mia mbili haiwezi. Tuko ishirini na nne elfu."

"Siongezi bei. Nalipa nizungumze."

Wajaluo waliokuwepo walielewa mara moja, wakanyamaza. Monari alitaka kusema kitu, mama mmoja akamwambia, "Nyamaza wewe, amelipa." Karani wa Kerosi, asijue la kufanya, akaipokea ile noti.

"Huyu mnayemcheka," nikasema, na sauti yangu ilifika mpaka sokoni, "huyu wa kijani, ni Linet nyar Mfangano, jaber, mrembo wa visiwa vyote, mke wa Javan Maranga. Na Javan ndiye huyo bwana kipofu, mnitazame vizuri. Kokila wa Baroda alitoka India na rangi zake zote, akamsimamisha siku tisa kwenye duka la Chandulal, mwaka wa tisini na tisa, akampa soda na biskuti. Alijaribu rangi ya udongo, akaona haitoshi. Alijaribu nyekundu, ikaisha. Ndio akachukua kijani, kwa sababu kijani ndiyo iliyobaki yenye nguvu. Nimeishi na mwanamke huyu miaka ishirini na minne na sijawahi kumwambia mbele ya watu kwamba huyu ni yeye. Leo nasema. Tazameni miguu ya picha. Mkimaliza, tazameni miguu ya mke wangu."

Watu mia moja wakatazama picha, kisha wakageuka wote pamoja wakatazama viatu vya Linet. Ulikuwa bado juu, ule wa kushoto. Akina mama wakapiga vigelegele. Mchimbaji mmoja wa Masara alivua kofia. Hata Kerosi aliteremsha nyundo, lakini aliiteremsha mfukoni.

Nikarudi kwa Linet nimejaa. Alikuwa na machozi. Alinisogelea sikioni, nikainama nisikie neno la mapenzi.

"Baba Austine," akasema. "Nyundo ilikuwa juu."

Sikumwelewa, kwa sababu wakati huohuo Phanice alikuwa ananiita. Daftari lilikuwa limefunguliwa tena.

"Mzee, samahani. Umesema ni nani alichora?"

"Kokila."

"Kokila wa Baroda? Uko na uhakika?"

"Uhakika?" Mtu haniulizi mimi uhakika. "Dada, nitakuambia mpaka sufuria aliyochanganyia rangi. Ilikuwa sufuria ya chai ya Mzee Chandulal, wakanywa chai ya bluu wiki nzima."

Linet akanifinya mkono. Nikadhani ni mapenzi, nikaendelea.

"Na hiyo kadibodi ni Mzee mwenyewe aliipigilia, sababu ya mende. Nyuma yake Kokila aliandika kitu. Fungueni muone."

Yote hayo Linet alikuwa amenieleza, mwaka baada ya mwaka, mimi nikijifanya nasikiliza redio. Kumbe nilikuwa namsikia. Kerosi, ambaye sasa naye alitaka kuona, akang'oa misumari. Kadibodi ikatoka na mayai ya mende ya miaka mingi. Nyuma ya turubai palikuwa na mstari wa maandishi ya Kihindi, na chini yake, kwa herufi tunazozijua sote: Linet, Homa Bay, 1999. Halafu sahihi.

Phanice aliitazama sahihi ile kwa muda. Kisha akapiga simu, akazungumza Kiingereza cha chinichini, akarudi.

"Elfu hamsini," akasema.

Hapo ndipo finyo la Linet liliponifikia. Lilichukua muda, lakini lilifika.

Mkono wa Linet ulipanda nusu, ukasimama, ukashuka wenyewe. Monari akasema sitini. Alikuwa ametoka jasho na macho yamemtoka, kama watu wanavyokuwa Macalder mtu akitoka shimoni anatabasamu. Phanice akasema laki. Monari laki na ishirini. Kerosi akachangamka ghafla, akaanza kuisifu picha, akasema tangu asubuhi alikuwa ameona ina kitu. Walipandishana hivyo mpaka laki sita. Hapo Monari akanyamaza, akaitazama sefu yake mpya, nadhani akakumbuka kwamba atahitaji pia kitu cha kuweka ndani. Nyundo ikashuka laki sita na elfu kumi, kwa simu ya mtu wa Nairobi ambaye hatukumwona. Pesa zikaenda zao Leicester.

Phanice alikuja kutushukuru. Ni msichana mwenye adabu, mtoto wa Kisii, na hakujua anafanya nini. Akaeleza kwamba Kokila alifariki miaka mitatu iliyopita na sasa picha zake zinatafutwa sana, ila bandia ni nyingi. Ilijulikana kwamba aliwahi kuja huku, lakini hakuna aliyejua kama alichora chochote.

"Bila wewe, mzee, ningeiacha," akaniambia mbele ya mke wangu, ananishika mkono kwa mikono miwili. "Nilikuwa nimeshafunga daftari. Mama alikuwa ameshaichukua kwa ishirini na nne."

"Asante," nikasema.

Akaomba kumpiga Linet picha akiwa kando ya ile ya kuchorwa, itiwe kwenye kitabu cha picha za Kokila. Linet akasimama hapo kando ya ngazi ya mbao ambayo aliyeinunua alikuwa bado hajaibeba. Hakuna aliyemwambia aweke miguu vipi. Phanice akapiga mara nyingi, na mimi nikamwuliza kama ana uhakika simu yake inahifadhi, akanionyesha, nikaomba anionyeshe tena.

"Jina lako litaandikwa chini, mama," akasema. "Tuandike vipi?"

"Linet nyar Mfangano," nikasema.

"Wewe nyamaza," Linet akaniambia. Halafu akamgeukia Phanice. "Andika hivyo."

Kutoka Migori mpaka Homa Bay hakusema neno. Mimi nilitayarisha maombi ya msamaha kumi na mawili, nikayatupa yote, kwa sababu kila moja lilianza na neno lakini. Tulipofika nyumbani akaingia jikoni. Nikakaa sebuleni, uso kwa uso na msumari wangu wa nusu inchi. Ulikuwa umetokeza ukutani, mnene, hauna kitu. Hakuna mahali pa kukaa katika sebule yetu ambapo huuoni.

Akatoka jikoni anafuta mikono.

"Yule karani alikupea nini?" akauliza.

"Karani gani?"

"Wa Kerosi. Nilimwona anakupea karatasi."

Nilikuwa nimesahau. Karani alipokea mia mbili yangu mbele ya watu na hakujua aiweke wapi, kwa hiyo alinifuata hadi getini na risiti, yenye muhuri na kila kitu. Nikaitoa kwenye mfuko wa shati. Linet akaisogeza dirishani akaisoma kwa sauti.

"Imepokelewa kutoka kwa J. Maranga, shilingi mia mbili. Sababu ya malipo: kusifu mke."

Akaisoma tena, kimya safari hii. Kisha akaitoboa kwa kidole, akaenda ukutani, akaitundika kwenye msumari. Ilikuwa karatasi ndogo sana kwa chuma kile. Akarudi nyuma hatua mbili kuitazama kama imekaa sawa, na mguu wa kushoto ukapanda juu ya wa kulia.

"Nilikuwa nimeinama pale," akasema bila kunigeukia. "Mambo mengine sikusikia vizuri. Rudia."

Nikapapasa mfukoni. "Sina mia mbili nyingine, Mama Austine."

"Imelipwa," akasema, akionyesha ukutani. Akageuka, akaweka mikono kiunoni, akainua kichwa.

Nikasimama, nikakohoa, nikaanza upya, na safari hii nikaanzia miguuni.